Ufunguo Ulio Ndani

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na wewe Tupa, najua unasoma nyuma ya bega lake, kaka yangu hujambo?

Mimi mzima, ila nimekwama. Hapa ofisini kwenye kamusi nimepewa maneno ya herufi P, na wiki hii nimefika kwenye neno lililonitoa jasho. Waingereza huliandika "preclude". Usijisumbue kulitamka Baba, hata wao hawalitamki wakinunua nyanya. Ni neno la mikataba na hukumu za mahakama, neno lililovaa tai.

Wenzangu mezani waliandika "kuzuia", wakataka twende zetu kunywa chai. Mhariri Mkuu akaikata kadi kwa wino mwekundu. "Kuzuia tumekwishampa 'prevent'," akasema. "Mnataka mume mmoja nimwoze mara mbili?" Tukacheka, lakini mzee ana haki. "Prevent" ni askari wa getini: ukija anakushika mkono. Hili lingine halina mkono. Ni jambo limetangulia kuwepo, na kwa kuwepo kwake tu, jambo la pili haliwezekani tena. Hakuna aliyekushika, hakuna aliyekufukuza, ila ndiyo basi. Tena mara nyingi utalikuta limekanushwa: kwamba kufanya hili hakukufungii kufanya lile.

Mhariri ana sheria yake. Neno likitushinda, tulete sentensi ya mtu asiyefanya kazi hapa, aliyeitoa kwenye shughuli zake mwenyewe. Basi nimekufikiria wewe na vitasa vyako. Ningekupigia simu kutoka posta, lakini masikio yako na jiwe la kunolea waligombana zamani.

Kitabu kinakwenda kuchapwa mwisho wa Julai. Kikiisha nathibitishwa kazini, na Agosti nakuja nacho mkononi. Tupa, uoe kabla sijafika, nimechoka kukutetea kwa Shangazi.

Binti yako,
Kasuku


17 Machi

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa raha tu. Mwandiko wangu unatambaa kwa sababu miwani imevunjika mguu. Usianze maswali.

Neno lako nalijua, ila sikujua kama na Waingereza wanalo. Mtu anakuja hapa analia kitasa chake kimekufa. Nabeba mkoba, nafika, nachungulia tundu, nakuta ufunguo umeachwa upande wa ndani. Wa nje hauingii. Ufunguo wake mzima, kitasa kizima, na aliyeko ndani pengine ni mkewe, amelala, anampenda. Hajamfukuza mtu. Lakini ule wa ndani umewahi, umekaa mahali pa mwenzake.

Basi andika hivi: Ufunguo ulio ndani humfungia nje hata mwenye ufunguo wake. Mhariri wako asipoelewa, aje nimfungie nje bure, simtozi.

Fanya kazi, mwanangu. Mama yako alipougua uliacha masomo ukamuuguza, na kurudi darasani kukawa kama kupanda ukuta kwa kucha. Sijasahau. Kitabu hiki ukimalize, usikitoe mkono hata nyumba ikiungua. Na haiungui, mimi huzima jiko mwenyewe.

Baba yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naandika bila Baba kujua, akijua atanikereza kama ufunguo.

Baba anaumwa, Shangazi. Ni ini. Daktari alituita sisi wawili, akafunga mlango, akasema limekwishaharibika, hakuna cha kukata wala cha kuongeza. Tumpe dawa ya maumivu na tukae naye. Nikamuuliza kama atafika Agosti. Akaangalia dirishani.

Tulipotoka Baba akanishika mkono pale kwenye ngazi. Akasema, "Kasuku asijue mpaka kitabu kiishe." Nikamwambia Baba, hilo siwezi. Akasema, "Mama yake alipougua mlango wa shule ulimfungia. Safari hii ugonjwa wangu haumfungii mtu kitu. Apa." Nimeapa, Shangazi. Nilikuwa naona mguu wake unavyotafuta ngazi, ningekataaje?

Miwani haijavunjika. Mkono ndio unatetemeka. Nifanye nini?

Mwanao,
Tupa


29 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba, japo hustahili. Nyinyi wawili vichwa vyenu vigumu kuliko vitasa vyenu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hilo ninyi mlilisikia mkadhani ni la jirani?

Kaka yangu namjua tangu hajaota meno. Wingu halijatanda, yeye keshafungua mwavuli. Na si wake tu, anawafunika na wasioomba. Sasa nani kamwambia kwamba machozi ya binti yake ni mvua ya kukingwa? Mtoto ana haki ya kumlilia baba yake akiwa hai, akamshika mkono, akamsumbua. Hiyo haki hamuwezi kumwekea kabatini mpaka Agosti.

Mwandikie. Kama umeapa, basi ufe na kiapo chako, nitamwandikia mimi. Wiki ijayo nakuja kumpasha huyo mzee, na nije nikute supu ya moto.

Shangazi yako


12 Aprili

Tupa,

Mke wa fundi saa alikuja huku kumwona mwanawe, akapita kunisalimia. Ameniambia Baba haonekani tena kazini, kwamba kiti chake unakalia wewe, na kibao cha nje umekipaka rangi mpya. Nikamwambia si kweli. Akanihurumia kwa macho.

Halafu nikaitoa barua ya mwisho ya Baba nikaitazama vizuri. Mwandiko ni wako. "Miwani bado iko kwa fundi." Miwani gani hiyo inayotengenezwa mpaka watu wanazeeka? Na ndani hamna mzaha hata mmoja. Baba yangu haandiki barua isiyo na mzaha. Hiyo si barua yake, ni yako umeiwekea jina lake.

Ulikuwa huwezi kusubiri? Tangu zamani ulikuwa unalinyemelea jiliwa lake la kubania funguo kama paka na samaki. Mzee anayenyang'anywa kazi yake hufa huku amesimama, hilo hulijui? Kama umemfungia chumbani ili wewe uitwe fundi mkuu, basi hesabu kwamba huna dada.

Mimi,
ambaye zamani ulikuwa ukimbeba mgongoni


25 Aprili

Kasuku,

Barua imefika.

Ni kweli kiti nakikalia mimi. Kibao kilikuwa kimechakaa, wateja walikuwa wanapitiliza. Baba anakula kidogo, mchana analala, na anakuulizia kila siku. Shangazi alikuja, alikaa naye chumbani kwa muda mrefu. Anakusalimu.

Sina la kuongeza.

Kaka yako, utake usitake


3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sitaki kukuficha, nimegombana na Tupa. Nimemwandikia maneno makali, na jibu lake limenitia baridi. Tupa asiyejitetea simjui. Nimekaa na barua yake siku nyingi.

Juzi nikajikaza nikaenda kwa Mhariri Mkuu kuomba ruhusa. Kazi yenyewe imetufika shingoni, nilidhani atanirarua. Akaiweka kalamu chini. Akaniuliza, "Baba yako ana umri gani?" Nikamwambia. Akasema, "Nenda wiki moja. Kitabu kinajua kusubiri." Baba, yule mzee ambaye hajaturuhusu hata kupiga chafya!

Kwa hiyo naja mwisho wa mwezi huu. Nataka nikuone kwa macho yangu, nikuulize mwenyewe, unijibu mwenyewe. Kama hamna kitu utanicheka, na mimi nitacheka. Nimekukumbuka sana.

Binti yako,
Kasuku


11 Mei

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, uone kwamba mkono bado ninao. Mistari ikipanda mlima, ipandie nayo.

Ndugu yako hajaninyang'anya kitu. Kiti nimempa. Nimekaa juu ya kile kigoda maisha yangu yote mpaka makalio yamekuwa bapa, sasa nataka kulala mchana kama mabwana wakubwa. Usimwandikie tena vibaya. Yeye ndiye anayenipikia, na chumvi ikizidi tunaombeana msamaha.

Usije sasa. Tunapaka rangi nyumba nzima, vitanda viko uani, utalala wapi, juu ya ndoo? Mshukuru mhariri, umrudishie ruhusa yake. Njoo Agosti na kitabu mkononi, unioneshe neno letu limekaa ukurasa gani.

Humu ndani nimekutilia ufunguo. Mlango wa mbele nimeuwekea kitasa kingine, kile cha zamani kilikuwa kinang'ang'ania. Nimeuchonga mimi, si ndugu yako. Utaona jino la mwisho limepinda kidogo, lakini unafungua. Nakupa mapema ili siku utakayokuja, hata kama hatupo, usikae nje kama mgeni.

Nakupenda, mwanangu. Siku hizi nimekuwa mtu wa kusema mambo kama hayo. Uzee huo.

Baba yako


19 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Barua yako imeniondolea jiwe. Nimeisoma njiani nikicheka peke yangu, watu wakanipisha. Ndiyo, hii ndiyo barua yako, na makalio yako bapa ndani yake.

Nimemrudishia Mhariri ruhusa. Akaniangalia akasema, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika, Baba mwenyewe kaandika. Mwambie Tupa nimekosa, nimekosa mara mia, nitamletea shati. Barua yake nitamwandikia kesho, leo nina aibu.

Ufunguo nimeutia uzi, nimeuvaa shingoni. Wenzangu wanauliza kama nimeolewa na sanduku. Agosti sibishi hodi, ng'o. Nitafungua polepole, nikukute umelala kama bwana mkubwa, nikutekenye nyayo uamke ukinitukana.

Usinifie kwa harufu ya rangi.

Wako,
Kasuku


TELEGRAMU, 22 Mei

BABA AMETUTOKA ASUBUHI HII. NJOO. KAKA


16 Juni

Tupa,

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikaichana. Leo naimaliza hata ikitoka mbaya.

Niliondoka kwenu bila kukuaga. Najua. Nilishindwa kukuangalia usoni, na wewe ulikuwa unaangalia sakafu.

Hujui nilivyofika, maana hukuniuliza nami sikukueleza. Telegramu ilinifikia imechelewa, njiani daraja lilikuwa limekatika, tukalala upande wa huku tukiyatazama maji. Nilipofika mtaani mazishi yalikwisha zamani na watu walikwishatawanyika. Ilikuwa mchana, jua kali, nyumba kimya. Rangi ya ukuta ni ileile ya zamani, inabanduka. Hamkupaka kitu. Nikasimama pale mbele ya nyumba na mkoba wangu, nikajua kila kitu kabla ya kuambiwa.

Halafu nikautoa ufunguo wa Baba shingoni. Nilikuwa nimeushika njia nzima mpaka umeniachia alama kiganjani. Nikautia mlangoni, haukuingia. Nikaugeuza, nikausukuma, nikaupaka mate. Haukuingia. Nikagonga, nikaita, kimya. Tupa, nikakaa kizingitini nikadhani umenifungia kwa makusudi, kwa sababu ya ile barua ya kiti. Niliamini hivyo kwa moyo wote. Ulipokuja kufungua, nikakuambia yale niliyokuambia: "Umeniwahi mpaka mlangoni." Hukujibu. Laiti ungenipiga kofi.

Shangazi ndiye aliyeniambia mengine: ini, daktari, kiapo. Na kwamba na yeye alikuja kugombana na Baba, akatoka chumbani akifuta macho, na hakuniandikia. Wote mlijua. Mke wa fundi saa alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nacheka barabarani.

Nina hasira, kaka. Nina hasira na maiti, na ni dhambi. Ruhusa nilikuwa nayo! Mhariri alinipa, nilikuwa nayo mkononi, nikairudisha nikiwa na furaha. Yeye alitaka ugonjwa wake usinifungie mlango. Haya, haukunifungia. Nani aliyenifungia? Sikumshika mkono, Tupa. Sikumsikia akipumua. Kunipenda kwake kulitangulia kukakaa pale pale mahali pangu.

Jana Mhariri ameipitisha kadi. Tafsiri tumeweka "kufungia", na chini yake sentensi ya Baba, neno kwa neno. Akasema tangu aanze kazi hajapata sentensi iliyomtosha hivyo. Nikaenda chooni nikalia mpaka mfagiaji akaniletea maji.

Agosti siji. Nimjie nani?

Kasuku


28 Juni

Mdogo wangu,

Mimi si mtu wa barua, unajua. Vumilia.

Mlango kwanza. Tangu Baba azidiwe nilikuwa sijalala usingizi wa kueleweka. Siku ile watu walipoondoka, Shangazi akaenda dukani, nikafunga ili mtu asije kunipa pole tena. Nikakaa chini nyuma ya mlango, mgongo kwenye ubao, nikikusubiri, nikapitiwa hapo hapo. Ufunguo niliuacha ndani. Mimi, mtoto wa fundi. Nilipokuona kizingitini, na ufunguo wa Baba mkononi, nikaelewa nilichokifanya. Ndiyo maana sikuwa na la kusema. Sikukufungia, Kasuku. Nilikuwa nimelala.

Pili, ruhusa yako. Barua yako ya mwanzo wa Mei nilimsomea mimi. Nikamwambia, Baba, mhariri keshamruhusu, sasa kisingizio huna. Akasema, "Wiki moja atapewa. Lakini akiniona hivi nilivyo, hatarudi. Namjua yule." Kisha akaomba kalamu. Ile barua ya ukurasa mmoja aliiandika siku tatu, akipumzika katikati ya mstari. Nilitaka kukimbia nikutumie telegramu. Nilifika mpaka kwenye kona ya posta. Kiapo kikanirudisha. Hilo nitakwenda nalo kaburini, sikuombi unisamehe.

Tatu. Barua yako ya mwisho, ya shati na nyayo, ilifika siku tuliyomzika. Nilikwenda nikamsomea pale pale alipolala. Yote, hata shikamoo ya pili. Nilipofika pa kumtekenya nilirudia mara mbili.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata Shangazi halijui. Siku alipokujibu lile swali lako mwezi wa tatu, Baba hakufurahi. Alinung'unika kutwa. "Kasuku ameniuliza, nami nimempa ugonjwa bila dawa. Fundi gani anasema mlango haufunguki halafu anakunywa chai?" Akaanza kutengeneza kitasa. Nilimkataza, akaniambia nenda kawachongee wateja wangu. Kila akipata nguvu nilimshika mabega, nikamketisha mbele ya jiliwa, anakereza kwa tupa kidogo, anachoka, namrudisha kitandani. Ulimi wa kitasa aliumaliza. Tundu alilianza. Hicho ndicho ulichochongewa ufunguo wako, si kile ulichokikuta mlangoni. Alikwambia amekwishakiweka kwa sababu alidhani atakimaliza. Kwa hiyo ule ufunguo usingeingia siku ile hata ningeuondoa wangu. Hilo nalo nilishindwa kukueleza.

Nimekimaliza mimi. Nimekivunja na kukirudia sana, si mkono wake. Juzi nimekiweka mlangoni. Kinafanya hivi: ukitia ufunguo wa nje, ule wa ndani unasukumwa unarudi nyuma, unadondoka. Hata mtu akiusahau, hata akilala, aliye nje anafungua. Nimejaribu kwa ufunguo niliouchonga kwa vipimo vyake alivyovichora ukutani, na jino la mwisho nimelipinda kama la kwako.

Unauliza Agosti umjie nani. Kiti cha Baba hakijabadilika, kipo pale, mimi nimenunua kigoda changu. Shangazi anatafuta wa kumgombeza. Na uliandika mwenyewe kwamba lile neno hupenda kukanushwa. Basi mimi si mtu wa kamusi, lakini hii sentensi nakupa bure: kukasirika kwako hakukufungii kurudi nyumbani.

Njoo na kitabu. Usibishe hodi. Wangu nitauacha ndani kwa makusudi, kila siku ya mwezi ule. Tia wako, usukume. Nitausikia ukidondoka sakafuni, nitajua ni wewe.

Kaka yako,
Tupa